Nani Aliyezivunja Herufi Zetu Nakuru?

Nakuru ni mji wa maandishi mengi, na ulikuwa hivyo kabla hata haujapewa cheo cha jiji tarehe 1 Desemba 2021. Atokaye stesheni ya gari-moshi akakata Barabara ya Kenyatta, kisha akajivuta polepole mpaka Bondeni, ameyapita maandishi ya namna nne au tano pasipo kujua. Kuna herufi hizi za Kirumi tunazosomea gazeti hili, zinazobeba Kiswahili, Kiingereza na Kikuyu. Kuna za Kiarabu juu ya milango ya misikiti. Kuna za Kigurmukhi, ambazo Masingasinga huandikia Kipunjabi chao, na za Kihindi na Kigujarati katika mahekalu na kadi za arusi za jamaa za Kihindi.

Maandishi ya zamani, yaliyochongwa au kupakwa rangi kwa mkono wa fundi anayeijua kazi yake, hayo ni salama. Balaa liko katika mapya. Tazama mabango ya plastiki yanayotundikwa Ramadhani inapokaribia. Tazama kadi za arusi, vyeti vya madrasa, vibao vya maduka ya nyama halali na mawe ya makaburini. Mara nyingi mno utakuta herufi za Kiarabu zimesimama kila moja peke yake, zimepeana migongo kama ndugu waliogombania shamba, na juu ya hayo zimeandikwa kinyumenyume. Mpita njia huona mapambo mazuri ya Kiarabu. Ajuaye kusoma huona ajali.

Msomaji ambaye hakupitia chuoni atauliza, ajali gani? Namweleza. Herufi ya Kiarabu si tofali la kusimama peke yake. Ina umbo moja ikianza neno, jingine ikiwa katikati, jingine ikiwa mwisho, na la nne ikiwa pweke. Herufi zenyewe ni 28, na sita kati yake, yaani alifu, dali, dhali, re, ze na wau, hushikwa mkono na iliyotangulia lakini zenyewe haziishiki ifuatayo. Zilizobaki zote hushikana pande zote mbili. Mwandiko watoka kulia kwenda kushoto, isipokuwa tarakimu, ambazo katikati ya mstari ule ule hugeuka zikaandikwa kutoka kushoto. Mambo haya mtoto wa miaka saba huyajua kwa ubao na kalamu ya tete, kabla hajajua maana ya neno hata moja.

Sasa lichukue jina la Muhammad. Chuoni tulilihijia: mim, he, mim, dali. Herufi nne, zote zimeungana, neno moja. Kompyuta isiyojua kanuni huzichukua herufi hizo moja moja katika umbo lake la upweke, ikazipanga kutoka kushoto kwenda kulia kama inavyopanga Kiingereza. Msomaji naye, aliyezoea kuanzia kulia, akutana na dali kwanza, kisha mim, kisha he, kisha mim. Mtume amegeuka kuwa Damham. Yule asiyeona uzito wa jambo hili na alichukue jina la Wanjiru, aliandike u r i j n a W, kila herufi na nafasi yake, kisha amwendee Wanjiru mwenyewe amdai pesa za kadi.

Wala si Waislamu peke yao waliofikwa na msiba huu. Maandishi ya Kihindi na ya Kigurmukhi yatoka kushoto kwenda kulia kama haya yetu, lakini yana siri zake. Irabu ya i fupi hutamkwa baada ya konsonanti, ila kwenye karatasi husimama kabla yake. Neno lenyewe "Hindi", likiandikwa Kihindi, huanza kwa kijimti cha i, ndipo ije h. Kisha n na d hazikai mbalimbali. N hukatwa nusu ikaegemea d. Katika Kigurmukhi jina la Singh ni hivyo hivyo, i iko mbele ya s. Programu isiyo na habari huiacha i pale ilipopigwa kwenye kibodi, baada ya s, nayo ikaonekana kama ni ya herufi ifuatayo, au ikaning'inia juu ya kiduara cha vitone kama mtu aliyekosa kiti. Na jina Singh, katika Bonde la Ufa, si jina la mgeni.

Hapa yafaa tukumbushane. Reli ya Uganda ilijengwa kuanzia mwaka 1896, na watu wapatao 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kuijenga, wengi wao kutoka Punjabi. Wapatao 2,500 walikufa kazini. Reli ikapita Nakuru, ikafika ziwani Desemba 1901, na walio wengi wakarudi kwao. Lakini waliobaki, pamoja na wafanyabiashara waliofuata njia ya chuma, wakafungua maduka Naivasha, Gilgil, Nakuru, Njoro, Molo na kwingineko, na daftari za maduka hayo ziliandikwa kwa herufi za kwao. Julai 2017 serikali iliwatambua Wakenya wa asili ya Kihindi kuwa kabila la 44 la nchi hii. Na Waswahili nao, waliopanda bara kama wapagazi, askari, makarani na walimu wa dini, walikuja na Kurani zao na barua zao za Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu.

Wazee wetu watazikumbuka pia noti za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1919. Noti ya shilingi ya enzi za wafalme wa Uingereza ilitaja thamani yake kwa Kiingereza, kwa Kiarabu na kwa Kigujarati. Mkulima aliyeuza pareto yake huko Njoro au Molo alitia mfukoni namna tatu za maandishi katika karatasi moja, zote zimenyooka, wala hakuna herufi iliyopinduka. Mkoloni tuna mengi ya kumdai, lakini katika hili hatumdai kitu: alikuwa na mchongaji wa bamba aliyejua anachokichonga.

Basi iweje karne iliyopita ziandikwe sawa, na karne hii yenye mitambo ya ajabu zivunjike?

Kisa chake ni kwamba mtambo ulizaliwa na lugha moja. Mwaka 1963 Wamarekani walikubaliana orodha ya alama za kompyuta, ikaitwa ASCII, nayo ina nafasi 128 tu. Herufi za Kiingereza, tarakimu na vituo, vikaingia. Wengine wote wakabaki nje. Na kila herufi ikapewa kisanduku chake, isimame humo, ifuatwe na kisanduku kingine kulia kwake. Kwa Mwingereza mpango huo watosha. Kwa mwandiko ambao herufi hubadilika umbo kwa ajili ya jirani yake, ni kama kumshonea kila mtu kanzu ya kimo kimoja.

Nchi nyingine zikatunga orodha zao, kila mmoja na yake, na barua iliyotoka kompyuta moja ikienda nyingine iligeuka kuwa msitu wa alama za kuuliza na visanduku vitupu. Mwaka 1991 ndipo lilipotoka toleo la kwanza la Unicode, orodha moja ya dunia nzima, kila herufi na namba yake. Alifu ni namba 1575, be ni 1576, na kuendelea. Lilikuwa jambo kubwa. Walakini namba hukwambia herufi ni ipi. Haikwambii iwe na umbo gani mahali hapa, wala ishikane na nani. Kazi hiyo ni ya programu nyingine ndani ya kompyuta, ambayo naifananisha na mshonaji: hupewa vipande, akavipima, akavikata, akaviunga. Mshonaji anayetumiwa zaidi leo anaitwa HarfBuzz. Mswahili hahitaji tafsiri ndefu hapo, maana jina hilo latokana na maneno mawili ya Kiajemi, "harf", ambayo ni herufi yetu hii hii, na "baz", yaani wazi. Mlezi wake mkuu ni Behdad Esfahbod, mzaliwa wa Iran. Programu hiyo ni ya bure, nayo imo ndani ya Chrome, ndani ya Firefox, ndani ya simu za Android na ndani ya LibreOffice.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Simu nyingi za Android zilizoingia nchini karibu na mwaka 2011 zilizitenganisha herufi za Kiarabu na kuyachafua maandishi ya Kihindi. Hata wakubwa wamejikwaa: Mei 2015 ujumbe mmoja mfupi uliochanganya Kiingereza na Kiarabu uliweza kuizima iPhone iliyoupokea, na Februari 2018 ikawa zamu ya herufi moja ya Kitelugu, lugha ya kusini mwa India, kuziangusha programu za simu hizo hizo. Makosa hayo yalisahihishwa upesi. Kwa jumla, leo simu iliyo mkononi mwa kijana wa Nakuru yaandika Kiarabu na Kipunjabi bila kosa.

Na ndiyo maana jambo hili lanikera zaidi. Ugonjwa umepata dawa, na mgonjwa bado anaugua.

Nilipokuwa Nakuru mwezi uliopita niliingia duka moja la uchapaji, jina lake halina haja. Kijana aliyekuwa kwenye kompyuta alikuwa anatengeneza bango la hitima. Aya aliyopewa na mteja ilikuwa ndani ya simu, WhatsApp, imeandikwa sawasawa na irabu zake. Akainakili, akaibandika katika programu yake ya kuchora, na pale pale mbele ya macho yangu ikasambaratika.

"Mwanangu," nikamwambia, "hiyo imevunjika."

Akaitazama, akanitazama. "Mzee, kusema kweli mimi nilidhani ndivyo kilivyo Kiarabu."

"Na wenyewe hawajapata kukurudishia kazi?"

"Mmoja alirudi. Wengine huwa wana haraka, mzee. Mtu ana msiba, anataka bango saa nane."

Sikuweza kumlaumu, na sitaki msomaji amlaumu. Programu nyingi za kuchora na kupanga kurasa kwa miaka ziliuzwa kwa matoleo mawili: la kawaida, lisilojua kuunga herufi, na la pekee kwa ajili ya Mashariki ya Kati. Maduka yetu, ambayo mengi hutumia nakala ya nakala iliyotoka kwa rafiki wa rafiki, yana lile la kawaida, tena kuukuu. Katika matoleo mapya uwezo huo umo ndani, lakini umefichwa katika mipangilio, unangoja mtu auwashe. Na wa kuuwasha ni yule anayejua kwamba haupo. Toleo la kijana yule halikuwa nao kabisa. Basi tukaiandika aya katika LibreOffice, tukachagua fonti ya Kiarabu, tukaigeuza kuwa picha, akaiingiza kwenye bango lake kama aingizavyo picha ya ua. Kazi ya robo saa, bila senti moja. Akaniambia kuwa angelijua hivyo tangu mwaka juzi, angelipunguza ugomvi na familia moja.

Habari za ugomvi wenyewe nikazipata Bondeni, kwa mzee mmoja ambaye sitamtaja. Watoto walichanga pesa wakamwekea mama yao jiwe kaburini. Maneno yalipigwa kwa kompyuta, yakakatwa kwa mashine. Lilipofika, mjomba wao, aliyesoma, akalitazama kwa muda, kisha akauliza jina lile ni la nani. Herufi zilikuwa mbalimbali, na jina la marehemu limeanzia mwisho. Plastiki hutupwa ikachapwa nyingine; jiwe halina kifutio, na pesa zilikuwa zimekwisha. Wakaligeuza. Upande ulioandikwa umelala udongoni, upande mtupu uko juu, na watu hudhani kuwa familia ile imeamua kufuata wale wasemao kaburi lisiandikwe.

Nasema kijana yule hana makosa kwa sababu amepata kutanguliwa na wakubwa zaidi. Kurani ya kwanza kupigwa chapa kwa herufi za kupanga ilichapwa Venice, Italia, karibu na mwaka 1537 au 1538, na Paganino Paganini na mwanawe Alessandro, waliotaraji kuiuza katika nchi za Kiislamu. Walikuwa mafundi wa sifa. Lakini kitabu kilijaa makosa. Hata dali na dhali, zinazotofautiana kwa nukta moja, hazikutenganishwa. Biashara ikafa, na kitabu kikapotea hata watu wakadhani ni hadithi, mpaka nakala moja ilipopatikana katika maktaba ya watawa huko huko Venice katika miaka ya 1980. Karibu miaka 500 imepita, na ugonjwa ni ule ule: mchapaji hasomi anachokichapa, na hakuna asomaye aliyeitwa kutazama kabla wino haujakauka.

Wenye lugha ya Urdu waliikataa mashine mpaka ilipowatii. Mwandiko wao wa nastaliki huteremka kama maji ya mlimani, hauwezi kupangwa kwa vipande vya risasi ukabaki na uzuri wake. Kwa hiyo magazeti yao yaliandikwa kwa mkono, ukurasa hata ukurasa, na waandishi waitwao makatibu, ndipo yakapigwa chapa. Gazeti kubwa la Jang la Pakistani liliacha mkono likashika kompyuta mwaka 1981, baada ya Ahmed Mirza Jamil kuchora maungano ya herufi kwa maelfu, neno kwa neno. Sisi hatukuwa na subira hiyo. Tuliambiwa tangu siku za wakoloni kwamba herufi hizi ni ngumu, hazifai Kiswahili, nasi tukazifungia kwenye dini. Sasa hata kwenye dini tunazitumia kama ua la kupambia pembe ya bango. Nina ndugu wengi wa Kiislamu wanaosoma juzuu nzima kwa sauti ya kuliza, na wakipita chini ya bango lililovunjika hawainui kichwa. Hilo nalo lisemwe.

Kuna upande wa pesa pia, ambao wengi hawaujui. Ujumbe mfupi wa simu huchukua alama 160. Watu hudhani idadi hiyo ni moja kwa wote. Siyo. Orodha ya herufi za ujumbe mfupi ilipangwa Ulaya, na humo mna herufi za Wasweden na hata herufi kubwa za Wayunani, lakini Kiarabu na Kihindi havimo. Ukitia herufi moja tu isiyo katika orodha hiyo, ujumbe wote huhamia mtindo mwingine ambao nafasi zake ni 70, na ukizidi hapo hukatwa vipande vya 67. Chukua kamati ya msikiti au ya hekalu inayowatumia waumini 500 salamu ya sikukuu yenye alama 150. Kwa herufi za Kirumi ni meseji 500. Wakiongeza mwishoni neno moja tu la Kiarabu au la Kipunjabi, kila ujumbe umekuwa vipande vitatu, na kamati imelipia 1,500. Mweka hazina atasema kampuni imewaibia. Hakuna aliyeiba, ni orodha iliyotungwa bila wao.

Na ndugu zetu Wakikuyu, ambao ni wengi katika Nakuru na Naivasha, wasidhani wamesalimika kwa kuwa waandika Kirumi. Lugha yao ina i na u zenye kiwimbi juu, ĩ na ũ, ambazo si pambo. Ni irabu mbalimbali na zile zisizo na kiwimbi. Jina lenyewe Gĩkũyũ lina tatu. Herufi hizo hazimo katika orodha ile ya simu, kwa hiyo nazo hupunguza nafasi kutoka 160 hadi 70. Taipureta za ofisi hazikuwa nazo, watu wakazoea kuandika bila viwimbi, na leo waandikao wengi huviacha hata pale kompyuta inapoviweza. Wamasai nao wana irabu tisa ambazo kibodi ya dukani yajua tano tu. Hata Kiswahili chetu hakikuachwa salama: kile kijinukta cha ng'ombe, kompyuta ikikipinda kuwa kama mkia wa koma, na nyingi hukipinda zenyewe bila kuombwa, hakimo katika orodha, na ng'ombe mmoja huyo atakugharimu meseji mbili.

Balaa jipya limeingia siku hizi, nalo lataka macho makali kuliko la kwanza. Wachapaji wameanza kutumia akili bandia kuchora mabango. Unaiambia mashine ikuchoree msikiti, mwezi mwandamo, na "Ramadhani Karimu" kwa Kiarabu. Msikiti unapendeza, mwezi unapendeza, na chini yake mara nyingi huja michirizi inayofanana na Kiarabu kwa mbali, imeungana vizuri, ina nukta zake, na haisemi kitu. Si neno, si herufi. Bango la zamani lililovunjika angalau ulikuwa ukitumia akili ukaliunga upya kichwani. Hili jipya hakuna cha kuunga. Niliona moja limetundikwa dukani kwa mtu, amelipia fremu, nikakosa ujasiri wa kumwambia.

Lakini mimi ni mtunzi, na nisiposema hili la mwisho nitalala nalo. Barua za Kiswahili za zamani kabisa zilizobaki duniani ni za Kilwa, za karibu mwaka 1711, ziko katika nyaraka za Goa huko India, na zimeandikwa kwa herufi za Kiarabu. Mashairi ya Muyaka wa Mombasa, aliyefariki karibu na mwaka 1840, yalituokokea kwa sababu Mwalimu Sikujua aliyaandika kwa herufi hizo hizo. Hati za namna hiyo zimejaa London katika chuo cha SOAS, zimejaa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na nyingine ziko masandukuni mwa watu. Kuzipiga picha ni rahisi. Kuzipiga chapa, ili mtu aweze kutafuta neno ndani yake, hapo ndipo pana kazi.

Maana Kiswahili hakikutosheka na herufi 28. Bila nukta za ziada, "papa" na "baba" huandikwa sawa sawa, na shairi la mvuvi laweza kugeuka shairi la yatima. Mafundi wetu wa zamani walitia nukta tatu wakapata pe, wakatia nukta tatu wakapata che na ve, na kwa irabu ya o wako waliopindua dhuma ikatazama upande wa pili. Pe na che zimo ndani ya Unicode kwa sababu Waajemi na wenye Urdu walizihitaji. Sisi tumepanda gari lao. Dhuma iliyopinduka nayo imo. Kinachokosekana ni fonti za kuziweka mahali pake bila kugongana na nukta, na kibodi iliyopangwa kwa Mswahili. Kevin Donnelly alitengeneza zana aziitazo Andika, zinazogeuza Kiswahili cha Kirumi kuwa cha Kiarabu na kukirudisha, naye akazitoa bure. Mwaka 1997 Sheikh Yahya Ali Omar na P. J. Frankl walikwisha kutoa pendekezo lao la kuandika Kiswahili cha Mombasa kwa herufi hizi, kwa utaratibu na hoja. Kwa hiyo njia imepasuliwa. Wapitao ni wachache, nami sijaona wizara ya elimu wala baraza la lugha lililoomba hata kibodi.

Nina sahibu yangu Lamu, mtunzi kama mimi, ambaye hajapenda kuandika tungo zake kwa Kirumi hata siku moja. Zamani alinipelekea kwa karatasi, kwa mkono wa msafiri. Sasa hunipelekea kwa simu, kwa kibodi ya Kiurdu, kwa kuwa ndiyo yenye pe na che. Na mimi humjibu vivyo hivyo, hata nikiwa ndani ya matatu kati ya Gilgil na Nakuru, na hakuna nukta inayoanguka. Mwaka jana aliipeleka diwani yake kwa mchapaji. Mchapaji akaifungua, akaona visanduku, akamwomba aiandike upya kwa Kiingereza, akimaanisha kwa Kirumi. Sahibu yangu akachukua kazi yake akarudi nayo nyumbani. Mpaka leo imo simuni, tungo 140 na kitu, na simu yenyewe kioo chake kimepasuka.